Kereng'ende wa Amani na Haki ya Maji



Katika milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, yuko kereng'ende mwembamba ambaye hajulikani kuishi mahali pengine popote duniani. Wataalamu walimpa jina la Amanipodagrion gilliesi mwaka 1962. Makao yake ni vijito vya msitu wa Amani-Sigi. Mwaka 2012 alitajwa katika orodha ya viumbe 100 vilivyo hatarini zaidi kutoweka ulimwenguni.

Wapo watakaouliza: mdudu huyu anamhusu nini mkulima mwenye njaa? Swali hilo linastahili jibu. Kereng'ende hukulia majini hadi aote mabawa. Miti ya ukingoni ikikatwa na maji yakajaa tope au sumu, hana pa kukimbilia. Tena maji hayo hayo huteremka kwa Mto Sigi hadi bwawa la Mabayani, ambako huchotwa kwa matumizi ya wakazi wa Tanga. Basi, anayekitunza kijito anamtunza mdudu pamoja na mtoto anywaye maji mjini.

Lakini ni nani anayebeba gharama? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mto ndani ya meta 60 kutoka ukingoni. Kwa mwenye shamba kubwa, meta hizo si kitu. Kwa mjane mwenye nusu eka bondeni, huenda ndizo riziki yake yote. Kumwamuru aondoke, kisha sisi tulio chini tukafungua bomba bila hata kumkumbuka, si haki. Na pasipo haki hakuna amani ya kudumu. Wala njaa haimpi mtu ruhusa ya kuchafua maji ya jirani yake. Wajibu una pande mbili.

Kwa maoni yangu, sehemu ya fedha tunazolipia maji yapasa irudi mlimani: iwe miche, iwe mafunzo ya kilimo kisichomomonyoa udongo, iwe fidia kwa aliyeacha ukingo. Kamati zetu za Haki na Amani zinaweza kuwakutanisha wa juu na wa chini, wasikilizane kabla ya kulaumiana.

Tusingoje. Kereng'ende huyu akitoweka Amani, hakuna msitu mwingine tutakakokwenda kumtafuta.