Amplifaya ya Mfukoni si Dawa ya Kila Sikio

Muhula huu limezuka jambo geni miongoni mwetu. Wako wanafunzi watakao akiba ya Chama cha Kompyuta itumike kununua amplifaya ndogo za mfukoni, zile zinazopachikwa kati ya kompyuta au simu na hedifoni ili sauti izidi. Hoja yao si ya kudharauliwa. Husema kwamba mvua inyeshapo juu ya bati, zoezi la kusikiliza Kiingereza halisikiki; na ndani ya daladala, kutoka Buzuruga hadi Kirumba, hata taarifa ya habari husikika nusu nusu. Hata hivyo naona heri tusinunue, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, amplifaya haitengenezi sauti. Huikuza tu ile iliyoletwa. Ikiletewa sauti safi, hutoa sauti safi iliyo kubwa. Ikiletewa mkwaruzo, hutoa mkwaruzo mkubwa. Ni kama mpiga mbiu: akipewa habari ya uongo, ataitangaza vile vile mji mzima.

Pili, chombo hiki kina vituko vingi. Kipachike katika kompyuta mpakato iliyo kwenye chaji, na pengine utasikia mngurumo. Chomoa chaji, mngurumo unanyamaza. Ni umeme wa chaji uliojipatia njia katika waya wa sauti. Weka karibu yake simu inayotumia mtandao wa 2G, nawe utasikia mkoromo kabla simu haijalia, kwa kuwa mawimbi ya simu huingia humo. Tena vidhibiti vya sauti ni viwili. Mtu akishusha cha kompyuta na kupandisha cha amplifaya hadi mwisho, hupata mvumo kama wa nyuki. Yafaa cha kompyuta kiwe juu kiasi, na cha amplifaya kiwe chini.

Simu nazo zina mambo yake. Mwaka 2016 Apple iliondoa tundu la duara la hedifoni katika iPhone 7, na makampuni mengi yakafuata. Simu za namna hiyo huhitaji amplifaya ya USB yenye kigeuzi ndani yake, cha kugeuza tarakimu kuwa sauti. Baadhi ya amplifaya hizo hunyonya umeme wa simu, betri ikaisha mapema. Na simu nyingine hukataa kabisa kutumikia chombo kinachodai umeme mwingi. Kompyuta nayo mara nyingine husubiri iambiwe sauti ipitie wapi. Usipoiambia, spika zake zitapiga kelele darasani huku hedifoni zi kimya.

Je, tunaihitaji kweli? Hedifoni nyingi za kawaida zina ukinzani wa omu 16 au 32, na simu huziendesha bila shida. Zile za studio, zenye omu 250 au 300, ndizo zinazohitaji msaada. Ni nani kati yetu aliye nazo?

Lakini hayo yote ni madogo. Kubwa ni sikio lenyewe. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Kwa watoto kiasi ni desibeli 75. Kwa desibeli 90, saa za mtu mzima hupungua kutoka 40 hadi 4 tu. Mwaka 2022 Shirika hilo lilitangaza kwamba vijana zaidi ya bilioni moja, wa umri wa miaka 12 hadi 35, wamo hatarini kupoteza usikivu kwa sauti kubwa. Simu nyingi hutoa onyo sauti ipitapo kiasi. Lakini amplifaya yenye kidhibiti chake haiulizi simu: waweza kuongeza upendavyo, na simu isijue. Ni sawa na kumpita mlinzi kwa mlango wa nyuma. Seli ndogo zenye vinyweleo vilivyomo ndani ya sikio, zikishakufa, hazirudi. Jino la utotoni hung'oka likaota jingine. Seli hizi hazina mbadala.

Atatokea wa kuniuliza: "Na mwenzetu asiyesikia vizuri, tumnyime?" Hasha! Huyo apelekwe kupimwa, na madaktari wa masikio wapo Bugando, hapa hapa Mwanza. Huenda ni nta tu, au usaha unaotibika. Akipewa amplifaya bila kupimwa, ugonjwa utajificha nyuma ya kelele, na siku utakapojulikana huenda dawa isifae tena.

Basi tufanyeje? Dawa ya kelele za nje ni kuzizuia, si kushindana nazo. Akiba ya chama inunue hedifoni chache nene zinazofunika sikio lote, ili sauti ndogo itoshe. Mvua ikizidi juu ya bati, zoezi lingoje ipite. Nao wazazi, mtoto akiomba fedha za amplifaya, wamwulize kwanza: husikii kwa sababu gani? Jibu la swali hilo lina thamani kuliko chombo chenyewe, kwani amplifaya ikiharibika dukani ipo nyingine, bali masikio hayauzwi popote.