Iman hakuokotwa machungani

Kuna picha ya Iman inayozunguka tena kwenye makundi yetu ya WhatsApp, na chini yake maelezo yaleyale: binti wa Kisomali alikuwa akichunga mbuzi porini, Mzungu akamuona, akamchukua Marekani, akawa tajiri. Mtu anamalizia, "Mungu akikupa hakuletei barua," na kundi zima linaitikia.

Jamani, sisi tumechoka na hadithi hii. Ni uongo, na aliyeutunga anajulikana. Ni Peter Beard, mpiga picha Mmarekani aliyemuona Iman Nairobi mwaka 1975. Yeye ndiye aliyewaambia waandishi wa New York kwamba kamtoa machungani. Msichana mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akisomea sayansi ya siasa. Kazaliwa Mogadishu 1955, baba balozi, mama daktari wa wanawake. Sekondari kasoma Misri, na lugha anazozungumza ni tano. Mbuzi wako wapi hapo?

Na Beard alipotaka kumpiga picha, Iman hakuchekacheka tu akasimama. Aliuliza atalipwa nini, akataja bei: ada ya chuo, dola 8,000. Akalipwa, ndipo picha zikapigwa.

Sasa tuulizane. Tukisema kaokotwa, nani anastahili shukrani? Si yeye, ni aliyemuokota. Na maneno hayohayo tunatupiwa sisi mafundi cherehani kila siku: "Mume wake kamfungulia," "Ana bahati ya mkono." Hakuna anayeuliza kuhusu kozi tuliyosoma, cherehani tulizokopea, wala usiku tunaokesha mwezi mzima kabla ya Idi. Kisha huyohuyo anayetuita wenye bahati ndiye anayesema, "Nishonee tu shoga, mie nitakutangazia." Bahati hailipwi, ndiyo maana wanapenda kuiita bahati.

Nguo alizovaa Iman jukwaani nyingine tusingezishona wala kuzivaa, hilo tulimalize hapa. Sisi tunatazama kazi yake. Mara ya kwanza alipokwenda kupigwa picha za jarida la Vogue, mpambaji alimuuliza kama kaja na faundesheni yake, kwa sababu wao hawakuwa na ya rangi yake. Wakampaka waliyokuwa nayo, picha zikatoka na uso wa kijivu. Wengine wangelia wakarudi kwao. Yeye alikwenda kununua rangi hii na ile, akachanganya mwenyewe mpaka akapata inayofanana na ngozi yake, akawa anakwenda nayo kazini. Aliacha uanamitindo 1989, na mwaka 1994 akafungua kampuni yake, Iman Cosmetics, kuwauzia wanawake wenye ngozi kama zetu kile alichokosa yeye. Huo mchanganyo wa mkononi ndio mtaji. Aliujua upungufu kwa uso wake mwenyewe.

Njoo kwetu sasa. Ingia duka la vipodozi: rafu nzima ni krimu za kung'arisha, na mkorogo unauliziwa kwa kunong'ona. Faundesheni ya mtu mweusi utaonyeshwa mbili, na zote si yako. Ndiyo tunapata bibi harusi uso wa unga, shingo yake mwenyewe, na picha zinabaki ukutani miaka ishirini. Tunamshonea gauni la heshima, uso unaliaibisha. Na wapo wanaotuma ile picha ya mbuzi asubuhi, jioni wanatangaza krimu za kuchubua kwenye kundi hilohilo! Wanamsifu Iman kwa ngozi yake huku wanatuuzia dawa ya kuiondoa ya kwetu.

Mwenye mtaji mdogo na jicho la rangi, soko hilo liko wazi. Anza na wapambaji wa harusi, wao wanazijua nyuso zetu kuliko mwenye duka.

Na kwa wateja wetu wa Idi: mwaka huu arbuni ni nusu ya bei, kabla mkasi haujagusa kitambaa.