Usimwambie fundi akate mwanzo na mwisho wa mkanda

KATIKA nyumba nyingi za watu waliofunga ndoa miaka ya 1990, kuna boksi juu ya kabati ambalo halijashushwa kwa muda mrefu. Ndani yake kuna mikanda ya video: harusi, ubatizo, maulidi, mahafali ya darasa la saba, na mmoja ulioandikwa kwa kalamu ya wino, "Krismasi, msifute". Deki ilishakufa. Watoto wakiushika mkanda huo wanauliza hiki ni kitu gani.

Huko Uingereza kuna watu ambao wangeliona boksi kama hilo wangeketi chini na kuomba ruhusa ya kuangalia. Tena wasingeomba kuona kile kilichorekodiwa kwa makusudi. Wangetaka zile sekunde chache kabla ya kipindi kuanza, pale aliyerekodi alipowahi kubonyeza kitufe.

Watu hao wanatafuta vitambulisho vya zamani vya vituo vya televisheni, hasa vile vya Krismasi. Kazi yao inaonekana kama mchezo wa watu wazima wasio na shughuli. Lakini mzazi mwenye boksi juu ya kabati ana la kujifunza kwao, na muda wa kujifunza umebaki mchache.

Kilichopotea ni nini?

Kitambulisho cha kituo ni ile picha fupi yenye nembo inayotokea kati ya kipindi na kipindi, huku sauti ya mtangazaji ikieleza kinachofuata. Kwa BBC1, kuanzia mwaka 1969 hadi Februari 1985, ilikuwa dunia inayozunguka mbele ya kioo. Dunia hiyo haikuchorwa na kompyuta. Ilikuwa modeli ya kweli iliyozungushwa na mota mbele ya kamera isiyo na rangi, na rangi ikaongezwa kwa mitambo.

Sikukuu zikikaribia, dunia ile iliwekwa pembeni na mahali pake pakawekwa kitu chenye sura ya Krismasi. Vitambulisho vingi vya miaka hiyo navyo vilikuwa vimodeli vilivyoundwa kwa mkono. Vilitumika siku chache, kisha Januari ikaingia.

Kwa mtoto wa Kiingereza wa miaka ile, picha hiyo ndiyo ilikuwa dalili kwamba Krismasi imefika. Familia ziliketi pamoja mbele ya runinga moja. Siku ya Krismasi ya mwaka 1986, watu wapatao milioni 30 waliangalia mchezo wa EastEnders, mume alipomkabidhi mkewe hati za talaka kama zawadi ya sikukuu. Kabla ya mchezo kuanza, wote hao walipitia kwanza picha ya kituo.

Kipindi kilihifadhiwa. Picha ya kituo ni habari nyingine. Haikuhesabiwa kuwa kipindi, bali kama mlango wa kuingilia ukumbini, na hakuna anayepiga picha mlango. Gazeti la Radio Times liliorodhesha vipindi vyote vya BBC, lakini vitambulisho havikuwa na mstari wao. Kitu kisichoandikwa popote kikipotea, hakuna hata anayejua kwamba kimepotea.

Baba mzembe ndiye aliyeokoa

Hapa ndipo familia zinapoingia. Miaka ya mwisho ya 1970 na ile ya 1980, deki za video ziliingia majumbani, na watu wakaanza kurekodi vipindi vya sikukuu ili wavirudie baadaye.

Kulikuwa na baba makini. Aliketi na kidole juu ya kitufe, akasimamisha mkanda kila tangazo lilipoanza, akauendesha tena kipindi kiliporudi. Mkanda wake ni safi, una sinema tupu.

Halafu kulikuwa na baba mzembe. Aliwasha deki mapema, akaenda jikoni kuangalia nyama, akasahau kuizima. Mkanda wake umebeba kila kitu: mwisho wa kipindi kilichotangulia, salamu za mtangazaji, picha ya kituo, tangazo la kipindi cha Boxing Day, utabiri wa hali ya hewa. Leo huyo mzembe ndiye anayeshukuriwa. Sinema aliyoikusudia inapatikana kwingine. Zile takataka zilizoizunguka zimebaki kwake peke yake.

Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya watafutaji hawa ni kuucheza mkanda wote, kutoka sentimita ya kwanza hadi ya mwisho, hata pale unapoonekana umekwisha. Mikanda mingi ilirekodiwa juu ya rekodi nyingine, na mabaki ya mwaka wa nyuma hujificha mwishoni.

Hata kampuni kubwa zilifuta

Mzazi anayejilaumu kwa kurekodi mpira juu ya ubatizo wa mtoto ajue hayuko peke yake. Mikanda ya studio ilikuwa ghali, na kwa miaka mingi BBC iliifuta na kuitumia tena. Ni mwaka 1978 tu ilipoanzisha maktaba ya filamu na video yenye jukumu la kutunza.

Tarehe 25 Desemba 1965 ilionyesha kipindi cha Doctor Who kilichoitwa "The Feast of Steven". Picha zake hazijapatikana hadi leo. Sauti ipo, kwa sababu watazamaji walirekodi sauti ya runinga zao wakiwa nyumbani. Shirika zima lilipoteza, na mtu mwenye kinasa sauti sebuleni akabaki nayo.

Tangu mwaka 1993, taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, ina tukio linaloitwa "Missing Believed Wiped", ambako vipindi vilivyodhaniwa kufutwa huonyeshwa vikipatikana. Vingine vimetoka mbali. Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vya Doctor Who vilivyokuwa vimepotea vimepatikana Afrika, katika kituo cha televisheni cha Jos, Nigeria. Vilikuwa vimekaa kwenye rafu kwa miongo.

Wazazi wa huku nao wapige hesabu. Kenya imekuwa na televisheni tangu mwaka 1962, Zanzibar tangu 1973, na Tanzania Bara tangu 1994. Nani alirekodi salamu za Krismasi na Idi za miaka ya mwanzo, na nembo zilizotumika wakati huo? Huenda zimo ndani ya boksi la mtu, kati ya harusi na sinema ya Kihindi.

Tena Uingereza, Kenya na Tanzania zilitumia mfumo mmoja wa picha, PAL. Mkanda uliotumwa na shangazi aliyeko London, wenye katuni za watoto zilizorekodiwa kwenye runinga yake, ulicheza hapa bila shida. Nao huenda una kitambulisho ambacho kwao hakipo.

Kumjua mwaka wake

Mkanda ukipatikana, swali linalofuata ni la lini. Lebo hudanganya, na kumbukumbu za watu hudanganya zaidi. Watafutaji husoma dalili: tangazo la kipindi kijacho, saa iliyoonekana kwenye kioo, bei ya bidhaa kwenye matangazo. Kisha hulinganisha na ratiba za zamani. BBC imeweka mtandaoni ratiba za Radio Times kuanzia mwaka 1923, na mtu yeyote anaweza kutafuta humo.

Wengine huchimba zaidi. Juu ya picha ya runinga, mahali ambapo jicho halioni, kulipita kurasa za maandishi za huduma ya Ceefax, iliyodumu kuanzia mwaka 1974 hadi 2012. Wataalamu wa kompyuta wamebuni programu za kuzisoma kurasa hizo kutoka kwenye mikanda ya kawaida ya nyumbani. Mtu anayedhani ana sinema moja anakuta ana habari za siku hiyo pia.

Mama aliyerekodi kila kitu

Kule Philadelphia, Marekani, aliishi Marion Stokes, aliyewahi kuwa mkutubi. Kuanzia mwaka 1979 alirekodi habari za televisheni usiku na mchana, hadi alipofariki Desemba 2012. Aliacha mikanda ipatayo 70,000. Familia ilipanga hata matembezi yake kwa kufuata muda wa kubadilisha mikanda. Haikuwa rahisi kuishi naye.

Baada ya kifo chake, mwanawe angeweza kuita gari la taka. Badala yake alitafuta wa kuipokea, na mikanda ikaenda kwenye hifadhi ya Internet Archive. Leo inahesabiwa kuwa hazina ambayo hata vituo vyenyewe havikuwa nayo. Kila familia ina mtu wa namna hiyo, yule anayetunza risiti, kalenda na barua. Akiwa hai anasemwa kwamba anajaza nyumba. Swali ni nani atakayekuwa na subira siku boksi lake litakapobaki bila mwenyewe.

Boksi lako lifanyweje?

Mkanda wa sumaku hauishi milele. UNESCO na wataalamu wa hifadhi za sauti na picha walionya kwamba ifikapo kama mwaka 2025 mashine za kuuchezea zitakuwa adimu. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016. Zilizopo ndizo hizo, na zinazidi kuzeeka.

Kwanza, shusha boksi na uikague mikanda. Ukiona ukungu mweupe kupitia kidirisha cha kaseti, usiutie kwenye deki. Utaharibu deki na mkanda, na kuambukiza mingine. Uweke kando umsubiri fundi anayejua kuusafisha.

Pili, vunja kile kipande kidogo cha plastiki ukingoni mwa kaseti. Bila hicho, deki haiwezi kurekodi juu yake kwa bahati mbaya.

Tatu, isimamishe wima kama vitabu, mahali pakavu, mbali na jua.

Nne, tafuta studio inayohamisha video kwenda kwenye flashi au kompyuta. Anza na mkanda mmoja, uone kazi yake, ndipo umpe mingine. Mkanda uliotoka Marekani huwa wa mfumo wa NTSC, mwambie mapema. Na mwambie hivi: hamisha yote, usikate chochote. Mafundi wengi, kwa nia njema, huondoa mwanzo na mwisho ili kazi ipendeze.

Tano, weka nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na nyingine kwa ndugu anayeishi nyumba tofauti. Mkanda wenyewe usiutupe.

Kilicho ukingoni

Sababu ya kutokata si vitambulisho vya televisheni peke yake. Mkanda wa harusi nao una kingo zake. Kabla bibi harusi hajatoka, mpiga picha anajaribu kamera, na bibi mzaa mama anapita na sinia akiuliza mchele uko wapi. Baada ya keki, kamera imesahauliwa juu ya meza, na marehemu baba anasikika akimtania shemeji yake. Hakuna aliyekusudia kuvirekodi, na katika mkanda safi visingekuwepo.

Siku ya kuangalia ikifika, waite watoto, na mwite babu au bibi akae mbele. Simu iwekwe pembeni ikirekodi sauti yake anapotaja majina: huyu ni nani, yule aliishia wapi, nyumba ile ilikuwa ya nani. Majina hayo hayamo ndani ya mkanda. Yamo kichwani mwake tu, na hakuna deki ya kuyarudisha akiondoka.

Mkanda ukifika mwisho na kioo kikabaki na chengachenga, msizime mara moja. Subirini kidogo.