Jezi ya Pili

Mwaka 1986 Tukuyu Stars, "Banyambala" wa Rungwe, walitwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara. Ubingwa huo umo vitabuni. Lakini jezi zao za ugenini zilikuwaje? Jibu la swali hilo huenda limo ndani ya sanduku lako.

Sheria ya nne ya kandanda yaamuru timu mbili zitofautiane rangi, tena zisifanane na waamuzi. Jezi ya pili ilizaliwa kwa haja hiyo tu. Leo imekuwa bidhaa. Simba, wenye nyekundu na nyeupe, na Yanga, wenye kijani na njano, hutoa mishono mipya kila msimu, na jezi ya tatu juu yake. Yanga wamevaa hata nyeusi. Nyekundu ndiyo wasiyoitaka, japo iwe ya nembo ya mdhamini! Mzazi mwenye watoto watatu ahesabu mwenyewe: jezi tatu kwa kila mmoja ni jezi tisa, na mwakani zimepitwa. Nionavyo, moja yatosha.

Ile ya zamani, hata ikiwa imepauka, usiifanye tambara la kudekia. Iandikie karatasi: mwaka, aliyeivaa, mechi aliyocheza. Kisha ianike ikauke kabisa kabla ya kuikunja, kwani kwa mvua za Rungwe nguo iliyotiwa sandukuni ikiwa na unyevu huota ukungu upesi.