Mutangazaji wa ngumi ni macho yetu, hapana shabiki wetu

Tarehe 26 Februari 2023 tulikuwa Kolwezi, ndani ya nganda moja, karibu na fasi bisi ya kazi inasimamaka. Wamoja wetu walikuwa wametoka posti ya mchana, wengine walikuwa wanangojea posti ya usiku, kofia zao za kazi kwenye magoti. Kwenye televizyo, Junior Ilunga Makabu, mtoto wa Kananga, alikuwa kule Saudi Arabia anatetea mukanda wake wa WBC mbele ya Badou Jack wa Sweden. Hata moto haikukatika usiku ule. Tulikuwa na furaha.

Mutangazaji tuliyekuwa tunamusikia alikuwa na furaha kutupita. Kila mara Makabu akiinua mukono, yeye alipiga kelele. Kila mara Jack akipiga, alinyamaza, ao alianza kutuambia habari ya bendera na ya taifa. Raundi ya 4 Makabu akaanguka. Mutangazaji akasema ni kitu kidogo. Muzee mumoja aliyepiga ngumi wakati wa ujana wake, alikuwa ameketi kando ya mulango, akatuambia: "Batoto, muache kelele ya ule bwana. Muangalie miguu." Hakuna aliyemusikiliza. Raundi ya 12, mwamuzi akaingia katikati na kusimamisha pigano. Nganda yote kimya. Kiisha sauti moja: "Mwamuzi amekula feza!" Kesho yake ndani ya bisi, nusu ya posti walikuwa wanasema tumeibiwa, na wenzetu wawili walikaribia kushikana mashati.

Hatukuibiwa. Tulidanganywa, na aliyetudanganya alikuwa anatupenda.

Musomaji atauliza: watu wa sindika ya mugodi wanatafuta nini kwenye mambo ya ngumi? Tunajibu kama kazi ya mutangazaji na kazi ya delege ni ndugu. Delege anaingia ndani ya ofisi fasi wenzake hawaingie, kiisha anatoka na kuwaambia kilichopita. Wenzake hawana macho mengine. Na sisi wenyewe tulishakosa pale. Kuna mwaka tulitoka kwenye mazungumuzo ya mushahara, watu walikuwa wametungojea kwenye jua, na walipotuona tu wakaanza kuimba. Tukasikia haya kuharibu wimbo. Tukasema: "Mambo inaendelea muzuri." Haikuwa inaendelea. Siku ya mushahara, karatasi ilisema ukweli ule tulioogopa kusema, na ilipita miezi mingi sana watu wakikataa kutuamini. Kwa hiyo hatuseme hapa kama waalimu. Tunasema kama watu walioanguka ndani ya shimo hiyo hiyo.

Basi, mutangazaji muzuri wa ngumi ni nani?

Kwanza ni mutu anayeona kazi mbele ya kuona kelele. Muzee wa mulangoni alikuwa na haki juu ya miguu. Makabu anapigana kwa kushoto. Mutu wa kushoto akikutana na mutu wa kuume, miguu yao ya mbele inagongana kila mara, na mwenye kuweka muguu wake inje ya muguu wa mwenzake njo anapata njia ya kupitisha mukono wake wa nyuma. Mutangazaji akitufasiria hilo tangu raundi ya kwanza, nganda yote inaanza kuangalia chini, na hata mama anayeuza samaki pale, ambaye hajagusa glavu hata siku moja, atajua nani anatawala. Vilevile ngumi ya tumboni. Ngumi ya kichwa inarusha jasho, watu wanaruka. Ya mbavuni haina sauti. Lakini ile ya mbavuni inafanya kama vumbi ya mugodi: siku ya kwanza hakuna anayekohoa. Raundi ya 9 njo utaona miguu inakataa. Mutangazaji muzuri anatuonyesha vumbi ile ingali inaingia.

Pili, anahesabu. Waamuzi watatu wanaketi pande tatu za ringi. Kila raundi inaandikwa pekee yake: mwenye kushinda anapata 10, mwenzake kwa kawaida 9, na akiangushwa mara nyingi ni 8. Mutangazaji anapashwa kuwa na karatasi yake na kalamu yake, na kila kengele ikilia atuambie wazi amemupa nani. Kule Marekani, televizyo ya HBO ilimuweka Harold Lederman, mutu aliyekuwa mwamuzi wa kweli, na tangu 1986 alikuwa anatoa hesabu yake mbele ya watu wote. Anaweza kukosa, lakini hesabu iko inje, unaweza kubishana naye. Mwenye kupiga kelele tu raundi 12 bila hesabu, utabishana naye na nini?

Tatu, hatekwe na watu wa uwanja. Kwa hili sisi Wakongomani tuko na somo la nyumbani. Tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa, kwenye uwanja wa 20 Mai, ule unaoitwa leo Tata Raphaël, Muhammad Ali na George Foreman waliingia ringi karibu saa kumi ya usiku, juu Marekani ipate kuangalia kwa saa yake. Ali alikuwa na miaka 32, Foreman 25. Foreman alikuwa ameshinda mapigano 40, na 37 katika hayo aliyamaliza mbele ya kengele ya mwisho. Kuanzia raundi ya pili Ali akajiegemeza kwenye kamba, mikono kwenye uso, akaacha ule mwengine apige. Macho ya haraka yaliona mutu anayekufa. Mwenye kuangalia muzuri aliona ngumi mingi zinakufia kwenye mikono na viwiko, aliona Ali anainama nyuma na kamba, anamukamata Foreman kwenye shingo na kumulalia na uzito wake, kiisha anamurudishia ngumi moja moja za uso. Raundi ya 8 Foreman akaanguka. Na karatasi za waamuzi wote watatu, mbele ya kuanguka kule, zilikuwa tayari na Ali mbele. Yule aliyeonekana anapigwa alikuwa anashinda.

Baba ya mumoja wetu alisikia habari ile kwenye radio, hapa kwetu, wakati jimbo lilikuwa linaitwa Shaba. Mpaka leo anasema alizaliwa kwa kuamini kama mwenye kupiga sana njo mwenye kushinda, na asubui ile akajifunza kitu kingine. Ni hiyo tunataka mutangazaji atufundishe, tukiwa tungali tunaangalia, hapana miaka hamsini kiisha.

Ine, anajua kunyamaza. Kwenye radio ni lazima kuongea, juu musikilizaji haone. Kwenye televizyo tunaona. Usituambie "anapiga, anapiga" wakati tunaona anapiga. Tuambie kile hatuone: pumuzi, jicho linalovimba, kocha anayesema nini kwenye kona. Na pigano likifika fasi yake, acha picha iseme. Howard Cosell wa Marekani alikuwa mutu wa maneno mingi sana, lakini mwaka 1973 kule Kingston, Foreman alipomuangusha Joe Frazier kwa mara ya kwanza, alirudilia mara tatu tu kama Frazier yuko chini. Hata leo watu wanaikumbuka, na maneno yenyewe hayajaze mukono mumoja.

Ule Cosell hakuwa mupigana ngumi. Alisomea sheria. Kwa hiyo hatukubaliane na wale wanaosema lazima mutangazaji awe amepigwa pua. Mupigana ngumi wa zamani ni muzuri kumuweka kando yake, atufasirie maumivu na hila za kazi. Lakini mwenye kuongoza sauti anaweza kuwa mutu yeyote mwenye macho na mwenye moyo. Cosell alikuwa na vyote viwili. Wakati magazeti mengi ya kwao yalikuwa yanakataa kumuita Ali jina alilojichagulia, yeye alimuita Muhammad Ali. Sisi tulioitwa namba kwenye karatasi ya pointaji tunajua uzito wa mutu kukuita kwa jina lako.

Na jambo la tano, ambalo kwetu linapita yote: mutangazaji anapashwa kuchunga uzima wa mutu. Tarehe 13 Novemba 1982, kule Las Vegas, Duk-koo Kim wa Korea Kusini alipigana raundi 14 na Ray Mancini, akaanguka, na siku chache kiisha akakufa. WBC ikapunguza mapigano ya mukanda kutoka raundi 15 mpaka 12. Mwezi huo huo, tarehe 26, Cosell alikuwa Houston akitangaza Larry Holmes na Randall Cobb. Cobb alipigwa raundi zote 15, uso ukaharibika, na mwamuzi hakusimamisha. Cosell alilalamika palepale, hewani, watu wote wakisikia. Kiisha pigano lile aliacha kutangaza ngumi za kulipwa, na hakurudi. 

Tunajua watu watasema: "Mwamuzi yuko, munganga yuko, mutangazaji anaingilia nini?" Kwenye mugodi pia kapita yuko, injinia yuko, na bado shimo linabomoka na watu ndani. Mwenye kuona ufa kwenye dari anapashwa kusema, hata kama hana cheo. Mutangazaji aliye na mikro na maelfu ya watu wakimusikiliza, akiona kijana hainue tena mikono na akaendelea kushangilia "Simama, mwana wa Kongo, simama!", basi ule anamusukuma kwenye shimo. Siku hiyo neno la upendo ni: "Imetosha."

Tumalizie na luga. Vijana wetu wanatangaza katika Kifaransa cha haraka haraka, wanachanganya maneno ya Kiingereza, na mama wa samaki habakie na kitu. Hatukatae maneno ya ngumi. Sema "uppercut", tuko pamoja. Lakini ongeza: ni ngumi inayotoka chini na kutafuta kidevu. Kiswahili chetu cha kila siku kiko na nguvu ya kutosha kwa raundi 12.

Kwa wakubwa wa televizyo za hapa kwetu, tunaomba vitu vitatu, na haviombe feza mingi. Pigano kubwa likikaribia, mutume mutangazaji wenu wiki moja mbele kwenye vyumba vya mazoezi vya mitaa, akae na makocha, ashike mifuko, aulize. Mumupe muzee mumoja wa ngumi wa kuketi kando yake. Na mutoto wetu akiwa anapigwa, mumupe ruhusa ya kusema kama anapigwa.

Makabu hakupungukiwa na heshima kwa kushindwa kule. Alipanda ringi, alisimama mpaka raundi ya mwisho, alileta mukanda wa dunia Kinshasa mwaka 2020 kwa ngumi zake mwenyewe. Muzee wa mulangoni alilipa soda yake usiku ule, akavaa koti, akatuambia: "Kijana amefanya kazi. Ule mwengine alifanya zaidi." Sentensi mbili. Kama zingetoka kwenye televizyo, hakuna mutu angekunja ngumi ndani ya bisi.