Fahari na Machungu ya Mchora Majengo



Miaka kadhaa iliyopita tuliketi katika kamati ya ujenzi wa madarasa mawili, si mbali na mji wetu wa Bunia. Msanifu majengo alituletea plani ya karatasi tisa. Tulizihesabu karatasi kabla ya kuzisoma, kisha mmoja wetu akauliza iwaje karatasi tisa zigharimu sawa na mabati arobaini. Tulimlipa nusu ya fedha zake, nayo nusu ya pili ilimfikia baada ya mwaka mzima. Kazi ilipoanza, mwashi alitushauri kwamba mkanda wa zege juu ya madirisha ni anasa, na kwamba msingi waweza kupunguzwa kina. Tulikubali kwa furaha, kwa kuwa tulikuwa tumeokoa mifuko mingi ya simenti. Yule msanifu hatukumwuliza neno.

Mvua za mwaka wa pili ziliponyesha, ukuta wa upande wa bonde ulipasuka kutoka pembe ya dirisha hadi chini, ufa wa kupitisha kidole. Wanafunzi wakahamishiwa chini ya mwembe. Wapita njia hawakuuliza kamati ilifanya nini. Waliuliza, “Ni nani aliyechora nyumba hii?”

Tunaanza na kosa letu kwa sababu baadhi yenu, mnaokaribia mtihani wa Serikali, mmetuuliza kama usanifu majengo ni kazi ya kutamaniwa. Tungewadanganya kama tungewaeleza utukufu wake tu, tukanyamaza juu ya mateso ambayo sisi wenyewe tumewatwisha wenye kazi hiyo.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Kwetu kila mwenye kofia ngumu na karatasi mkononi huitwa enjenia. Lakini mwashi hupanga matofali, mhandisi hupiga hesabu ya uzito na nguvu, naye msanifu majengo huifikiri nyumba nzima kabla tofali la kwanza halijawekwa. Huuliza jua litaingilia wapi saa nane mchana, upepo utatokea wapi, maji ya mvua yatashukia kwa nani, na watoto sitini watatokaje mlangoni siku wanapolazimika kukimbia. Swali hilo la mwisho si la kubuni. Nchi yetu imekaa kando ya bonde kuu la ufa, na ardhi hapa hutikisika. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko lililopiga Bukavu na upande wa pili wa mpaka, nchini Rwanda, liliua watu wengi, na miongoni mwao walikuwamo waumini walioangukiwa na kanisa. Ule mkanda wa zege tuliouita anasa kazi yake ni kuzishika kuta pamoja ili zisiachane ardhi inapocheza.

Fahari ya kazi hii iko wapi basi? Tutazame Dar es Salaam. Mtanzania Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza kuwa wasanifu majengo katika Afrika ya Mashariki, ndiye aliyelichora soko kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975. Paa lake limeundwa kwa miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa mdomo juu. Mvua huingia katika miavuli hiyo na kuteremshwa hadi kwenye matangi yaliyo chini ya ardhi, huku hewa ikipita huru juu ya vichwa vya wauzaji na wanunuzi. Mama muuza nyanya hakuhitaji kulijua jina la Amuli ili apate kivuli na hewa safi. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko hilo liliungua, na kilio kikasikika mbali. Watu walililia mali iliyoteketea, lakini walililia pia mahali walipopazoea kama nyumbani. Kwa maoni yetu, msanifu hapati sifa kubwa kuliko hiyo: kuwapa watu wasiomjua mahali ambapo wataona uchungu kupapoteza.

Turudi Ituri, kwenye machungu ya kila siku. Tunaye rafiki mwenye kazi hii, na tumemsikia akiyasimulia mara nyingi. Mteja humletea picha ya jumba la ng'ambo katika simu, kiwanja chake kikiwa mteremko mwembamba unaoshuka mtoni. Mwingine humwambia, “Nichoree tu haraka haraka, si kalamu na karatasi?” Mwingine huhamisha dirisha ukuta ukiwa umekwisha kupanda, kwa sababu shemeji amepita akashauri hivyo. Simenti na vyuma vingi hutujia kutoka Uganda, na barabara ya taifa namba 27, ile ya Mahagi, inapofungwa kwa ukosefu wa usalama, bei hupanda kwa siku moja. Hapo msanifu hulazimika kuichora upya nyumba aliyokwisha kuichora, bila nyongeza ya malipo. Siku nyingine hukuta vyuma vya unene wa kidole vimebadilishwa kwa vingine vyembamba, naye akisema hapana huambiwa kwamba anachelewesha kazi.

Siku moja tulimwuliza kwa nini haiachi kazi hiyo akafungue duka la vifaa vya ujenzi. Akatujibu, “Mwalimu, wewe ukimfundisha mtoto vibaya, mwalimu mwingine aweza kumsahihisha. Mimi nikikosea, watu watalala chini ya kosa langu.” Kisha akatueleza jinsi anavyopita jioni mbele ya zahanati aliyoichora, akawaona wagonjwa wameketi barazani mvua ikinyesha wala hawaloi, kwa sababu aliurefusha ukingo wa paa kwa hatua moja na akagombana na mwenye mradi juma zima kwa ajili ya hatua hiyo. Hakuna aliyemshukuru. Yeye mwenyewe anajua, na linamtosha.

Wengine watasema: huo ni mtindo wa miji yenye amani. Sisi tumepitia vita vilivyoufikisha mji wetu mwaka 2003 katika hali ya kusikitisha, na tangu Desemba 2017 tumewapokea ndugu kutoka Djugu ambao nyumba zao zimechomwa moto. Anayeweza kukimbia kesho atachimba msingi wa kina kwa faida gani? Hoja hii tunaiheshimu, kwa maana imetoka katika maumivu. Mwenye kujificha na watoto wake chini ya turubai hahitaji hotuba juu ya plani, anahitaji paa usiku huo huo. Lakini mazoea ya siku za kukimbia yameingia hata katika majengo tunayoyajenga kwa utulivu na kwa fedha za kutosha. Tunajenga shule kana kwamba itatumika miaka miwili, kisha wajukuu wetu wanasomea humo. Mabruda wamisionari walichoma matofali wakajenga kuta nene ambazo baadhi yake zimesimama hadi leo, na hawakuwa na mashine tunazoziona mjini siku hizi. Walikuwa na subira ya kufuata mchoro.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Sehemu kubwa ya machungu ya msanifu majengo haitokani na ugumu wa kazi yenyewe, inatokana na sisi tunaomwajiri. Kumlipa mtu kwa kuchimba tunaona haki, kwa kuwa jasho lake linaonekana. Kumlipa mtu kwa kufikiri tunaona hasara. Anayefundishwa katekisimu nasi hujifunza kwamba kumnyima mfanyakazi ujira wake ni dhambi nzito. Sisi tuliokuwa tukifundisha hayo tulimcheleweshea mwenzetu nusu ya ujira kwa mwaka mzima, na hatukuona haya.

Kijana unayetamani kazi hii, jiandae kusoma mbali na nyumbani, Kinshasa, Kampala au Nairobi, na masomo ni marefu. Usiitamani kwa ajili ya kibao chenye jina lako ukutani. Jifunze mapema kushika udongo, kumsikiliza mwashi mzee anayejua tofali la kwetu, na kusema hapana kwa heshima hata mbele ya mtu mwenye fedha. Kama neno hapana linakushinda, usiichague, maana maisha ya watu yatakuwa mikononi mwako.

Nanyi mtakaoingia kesho katika kamati za ujenzi za parokia na shule, na wengi wenu mtaingia, fanyeni mambo matatu tusiyoyafanya sisi. Someni mchoro kabla ya kuuliza bei yake. Mlipeni aliyeuchora siku mliyoahidi. Na mwashi akisema jambo fulani lipunguzwe, mwiteni msanifu asikie na aseme neno lake kabla ya kukata shauri.

Ule ukuta tuliujenga upya. Safari hii msanifu yule yule alikubali kuja, ingawa alikuwa na kila sababu ya kukataa. Alisimama kando ya msingi tangu asubuhi, akapima kina chake kwa kamba, akatutazama, akasema, “Sasa endeleeni.” Tuliporudi na gharama zote mkononi, tulikuta zimepita mara mbili zile fedha tulizojivunia kuziokoa.