Si Baridi ya Nyeri, Ni Blanketi

Wasee wa Nyeri, tuongee ukweli. Kila Julai ukungu ukishuka, watoto wanaanza kukohoa usiku, kifua kinalia kama filimbi, na jibu ni moja tu: ni baridi. Mama anasema baridi. Cucu anasema baridi. Basi dirisha linafungwa na mtoto anaongezewa blanketi la tatu. Mimi nasema hapo ndipo tunamuumiza.

Sijasomea udaktari. Hata kampasi niliacha mwaka wa pili, mnajua. Lakini mtoto wa dada yangu ako na pumu, ana miaka sita, na nimekesha naye vya kutosha mpaka nikaanza kusoma hii maneno.

Ndani ya godoro kuna wadudu wadogo wanaitwa utitiri wa vumbi. Huwezi kuwaona kwa macho. Hawaumi, hawanyonyi damu kama kunguni. Wanakula vipande vya ngozi vinavyotubanduka tukilala. Maji hawanywi, wanavuta unyevu kutoka kwa hewa. Unyevu wa hewa ukikaa chini ya asilimia 50 kwa muda, wanakauka na kufa. Ukizidi hapo, wanazaana tu. Shida kubwa ni kinyesi chao, kinachopeperuka ukikung'uta shuka. Mtoto mwenye pumu akikivuta, njia zake za hewa zinafura na kubana.

Sasa fikiria bedsita ya King'ong'o ama Ruring'u. Watu wanne ndani, githeri inachemka, nguo zimeanikwa kwa kamba juu ya kitanda kwa sababu nje kunanyesha, dirisha lenyewe ni dogo na limezibwa na gazeti. Asubuhi ukuta unatoka jasho. Na ile baridi ya nje haimfikii huyo mdudu, kwa sababu chini ya blanketi tunampashia joto sisi wenyewe.

Hii si story ya wazungu. Mwaka wa 1995 kulichapishwa utafiti wa Nairobi: watoto wa shule 77 wenye pumu na 77 wasio nayo, watafiti wakaenda mpaka nyumbani kwao. Chumba cha mtoto kilichoharibiwa na unyevu kiliongeza uwezekano wa pumu karibu mara 5. Kapeti chumbani, zaidi ya mara 3. Na huko nyanda za juu za Papua New Guinea, mlimani kama sisi, pumu ilikuwa nadra sana mpaka watu walipoanza kujifunika mablanketi. Kufikia 1985 watafiti walikuta pumu imepanda, hasa kwa watu wazima, na mablanketi yamejaa utitiri.

Kwa hivyo hasira yangu kwanza ni kwa landilodi. Unajengaje vyumba ishirini vyenye dirisha la saizi ya kitabu, zinatazama ukuta wa ploti ya pili, halafu unakataza watu kuanika godoro nje eti ploti inakaa vibaya? Hiyo elfu sita ya kila mwezi tunalipia nini?

Pili ni kwetu. Lile kapeti nzito la mtumba linapendeza kwa video, sawa, lakini litoe chumba cha mtoto. Mkeka wa mbao unapanguswa kwa kitambaa na kazi imeisha. Shuka zioshwe kwa maji moto kabisa, ya uvuguvugu hayawaui. Dirisha usifungue alfajiri kukiwa na ukungu, ngoja jua litoke, saa sita hivi. Godoro ligeuzwe pande zote mbili.

Lakini msinisikie vibaya. Kufunika godoro peke yake, tafiti nyingi zimeonyesha hakutoshi. Mtoto bado anahitaji dawa yake. Na hapa ndipo nachoka kabisa, kwa sababu bado kuna watu mtaani wanasema inhela inazoeza mtoto, eti ni ya wagonjwa mahututi. Ile ya bluu inafungua kifua kwa muda mfupi tu. Kama anaitumia kila siku, kuna uvimbe ndani, mrudishe kliniki aulizwe kuhusu ile ya kuzuia. Mtoto anaweza kufa na pumu usiku mmoja, wazazi wakimpaka mafuta ya kifua.

Watu wa Nanyuki, huko kwenu hewa ni kavu kidogo. Waliohama kutoka Nyeri na watoto wenye pumu, niambieni: usiku mnalala?